Nimepima machungwa na udongo wa shamba langu kwenye maabara ya masalia ya dawa: nyota nne, ya tano nimeizuia

Naanza na jibu lenyewe ili asiye na muda aondoke nalo. Hii huduma ya kupima masalia ya dawa kwenye matunda na udongo ni nzuri, wanaoifanya wanaijua kazi yao, nimewapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ukiagiza kifurushi cha kawaida bila kuuliza maswali unaletewa karatasi inayokwambia dawa uliyopuliza imebaki kiasi gani, basi, haikwambii imegeuka kuwa nini, na mi baada ya kupitia zoezi zima naona hicho cha pili ndo cha kulipia. Jina la maabara silitaji, ninachoandika hapa kinamfaa yeyote anayepeleka sampuli kwenye maabara yoyote ya aina hii.

Kilichonipeleka ni binti yangu. Nna shamba la michungwa, miti mingi niliikuta, mwenye shamba wa kwanza aliipanda zamani sana kabla sijanunua. Msimu ule vidukari walituandama vibaya tukapuliza dawa ya wadudu inayoitwa dimetoeti, siku ya tatu mtoto akaja na chungwa ameshalimenya nusu, vidole vimelowa yale mafuta ya ganda, akaniuliza, "Baba, hili naweza kula?" Nikamwambia hapana, lebo inasema tusubiri. Akauliza, "Tusubiri nini kitokee?" Nikakosa la kumjibu. Miaka yote nimekuwa nahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, nazungushia tarehe kwa kalamu nyekundu, na sikuwahi kujua ndani ya zile siku kunatokea nini hasa. Ndo nikatafuta maabara.

Kitu cha kwanza kilichonipendeza ni maelekezo ya kuchukua sampuli. Wanakutumia ukurasa mmoja tu, umeandikwa kwa lugha ya mtu wa shambani. Machungwa yasiyopungua 10, uzito kilo moja kwenda juu, yatoke kwenye miti tofauti, ya juu na ya chini, upande wa jua na upande wa kivuli, nje ya majani na ndani, maana tunda lililo nje linapokea dawa nyingi na lililojificha linaambulia kidogo, ukichuma yote upande mmoja umepima huo upande, hujapima shamba. Usioshe, na usifute vumbi kwa shati, hilo jichunge kweli kwa sababu mkono unaenda wenyewe. Udongo unachota kwa kutembea zigizaga, sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, unachanganya kwenye ndoo safi unatoa mfuko mmoja. Wakanishauri nitenganishe udongo wa chini ya miti na udongo wa katikati ya mistari, na mbele mtaona ule ushauri ulivyonisaidia.

Sasa hapa nilikosea. Mfuko wa udongo niliuacha kwenye buti la gari siku mbili, jua kali, nikaona udongo ni udongo tu, utaharibika nini. Nilipofika nao dada wa mapokezi akaushika, akauliza umechotwa lini na umekaa wapi, nikamwambia ukweli, akasema, "Kaka, huu siupokei, tukiupima tutakudanganya." Nilikasirika kidogo, njia ni ndefu. Ila alinieleza vizuri: ule udongo uko hai, bakteria na kuvu waliomo hawajui kwamba umeshawatia kwenye mfuko, wanaendelea kula dawa, na joto la buti linawachochea, kwa hiyo namba itakayotoka itakuwa ndogo kuliko iliyoko shambani na mimi nitarudi nyumbani nimefurahi bure. Sampuli ya udongo inaenda kwenye friza siku hiyohiyo, isafiri na barafu. Nikarudi kuchota upya. Maabara inayokataa hela yako kwa sababu sampuli ni mbovu mi naiheshimu sana, zingine wangepokea na kupima.

Siku ya kupeleka mara ya pili niliomba nione kazi, wakaniruhusu nisimame nyuma ya kioo na baadaye mtaalamu mmoja akanisogeza mezani. Machungwa wanayasaga mazima na ganda lake, yakiwa yamegandishwa, mpaka yanakuwa kama theluji ya rangi ya machungwa. Wanapima gramu 10 tu wanatia kwenye mrija wa plastiki, wanaongeza mililita 10 za asetonitrili, kimiminika cha kuyeyushia dawa, wanatikisa kwa nguvu kama dakika moja, afu wanamwaga chumvi mbili, magnesi salfeti na chumvi ya kawaida. Akanipa mrija niushike nikiwa na glavu, ukawa wa moto mkononi, moto kweli, ile magnesi inavyofyonza maji inatoa joto. Chumvi inafanya maji yajitenge na asetonitrili, dawa inakimbilia kwenye asetonitrili, wanazungusha kwenye mashine, juu kunabaki tabaka safi la manjano hafifu na humo ndo wanachota tone la kupeleka kwenye kromatografia, mashine inayotenganisha dawa moja moja na kuzipima. Njia hii ilichapishwa mwaka 2003 na sasa maabara nyingi duniani zinaitumia kwa sababu ni ya haraka na inakamata mamia ya dawa kwa mkupuo mmoja. Nilivyoona gramu 10 ndo zinasimama badala ya shamba zima nikaelewa kwanini walinikazania yale machungwa ya pande zote.

Kuhusu vipimo, ili tuelewane: wanaandika miligramu kwa kilo. Miligramu 1 kwa kilo ni sawa na gramu moja ya dawa ndani ya tani nzima ya machungwa. Umoja wa Ulaya una kiwango cha jumla cha 0.01 kwa dawa ambayo haina kiwango chake maalum kwenye tunda fulani, yaani gramu moja kwenye tani 100. Ni kidogo mno, na mashine inakiona.

Nilipeleka machungwa mara nne, siku ya 1 baada ya kupuliza, ya 7, ya 14 na ya 21, hii ni gharama lakini ndo njia pekee ya kuona mwendo. Ripoti ya kwanza ilikuja na mstari mmoja tu wa dimetoeti, inashuka vizuri, kwa haraka mwanzoni afu polepole. Nikamwonyesha mke wangu, mama watoto akasema basi imeisha, tuchume. Mi kuna kitu kilinikaa kichwani, nilikumbuka kusikia kwamba dimetoeti ikianza kuvunjika sehemu yake inageuka ometoeti, na ometoeti ni kali kuliko mama yake. Nikapiga simu nikauliza mbona haimo. Jibu: kifurushi ulichochukua hakina, kuna kingine. Jamani! Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiruhusu dimetoeti mwaka 2019 na hii ometoeti ilikuwa sehemu ya sababu, halafu mtu anakuuzia kipimo cha dimetoeti bila kukwambia kwamba mtoto wake hayumo kwenye karatasi? Hapo ndo nyota ya tano ilipoondoka. Nawapa haki yao, dondoo za sampuli zangu walikuwa wamezihifadhi kwenye baridi na wakapima upya bila mimi kuchuma tena, na mtaalamu akakaa na mimi kwenye simu muda mrefu bila haraka. Ila kama nisingeuliza nisingejua.

Ripoti ya pili ilibadilisha picha yote. Mstari wa dimetoeti unashuka vilevile, lakini chini yake kuna mstari wa pili, wa ometoeti, unaoanza karibu na chini kabisa, unapanda siku za mwanzo, unafika kileleni, afu na wenyewe unaanza kushuka. Mistari miwili, mmoja unamwagia mwingine. Nikamwita binti yangu nikamwekea kidole pale mstari wa chini ulipokuwa juu zaidi nikamwambia wewe ulikuja na chungwa lako wakati huu unapanda. Hilo ndo jibu la swali lake.

Na hii si dawa moja tu yenye tabia hiyo. Asefeti inageuka methamidofosi, nayo ni kali zaidi. Parathioni inatoa paraoksoni. Mankozebu, ile dawa ya ukungu ya unga wa manjano, inatoa kitu kinachoitwa ETU ambacho kinasumbua tezi ya shingo. Thiofaneti-methili inageuka kabendazimu, na kabendazimu yenyewe ndo inayoua kuvu, kwa hiyo mtu anaweza kuapa hajawahi kununua kabendazimu na maabara ikamkuta nayo na wote wawili wakawa wakweli. Ukienda kupima uliza kwa jina: je, kifurushi hiki kina vitu ambavyo dawa yangu inageuka? Wakikwambia hawajui ondoka.

Turudi kwenye ule mstari unaoshuka, maana hapa ndo nilijifunza mengi. Wataalamu wanapenda kuongelea nusu-maisha, yaani siku zinazohitajika dawa ibaki nusu. Mfano wa hesabu tu: tunda linaanza na miligramu 2 kwa kilo na nusu-maisha ni siku 5. Siku ya 5 imebaki 1, siku ya 10 imebaki 0.5, siku ya 20 imebaki 0.125, unaona inakimbia, lakini kufika 0.01 utangoja kama siku 38. Mtu akiona imeshuka kwa kasi wiki ya kwanza anadhani wiki ya pili inamaliza, haimalizi, kila mara inakatwa nusu ya kilichobaki. Na mara nyingi mkia unakuwa mrefu zaidi hata ya hesabu hiyo, kwa sababu kilicho juu ya ganda kinaondoka upesi na kilichozama kwenye nta na kwenye nyama kinatoka kwa kujivuta.

Nini kinaipunguza? Mvua inaosha sehemu, hasa ikinyesha kabla dawa haijakauka. Jua linavunja nyingine, mionzi yake inakata molekuli moja kwa moja, ndo maana upande wa kivuli unabaki na dawa muda mrefu. Nyingine inapanda hewani kama mvuke. Halafu kuna hili ambalo sikulitegemea: tunda lenyewe linakua. Chungwa likiongezeka uzito mara mbili, kipimo cha miligramu kwa kilo kinashuka nusu hata kama hakuna chembe moja ya dawa iliyovunjika, imesambaa tu kwenye mwili mkubwa zaidi. Ukipuliza tunda likiwa changa hili linakusaidia, ukipuliza tunda limeshakomaa hausaidiwi tena na ukuaji. Na mwisho kuna vimeng'enya vya mmea, mti wenyewe unaikata dawa iliyoingia ndani, na ndo huko ometoeti inakozaliwa.

Maji nayo yanaivunja, ila inategemea asidi. Dimetoeti kwenye maji ya pH 5 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali, 7 ni katikati) nusu-maisha yake ni kama siku 156, kwenye pH 7 ni kama siku 68, kwenye pH 9 ni siku 4 na kitu. Angalia hiyo tofauti! Maana yake mbili kwangu. Kwanza ndani ya chungwa ni asidi tupu, kwa hiyo maji ya ndani ya tunda hayakusaidii karibu chochote, ni vimeng'enya tu. Pili, kama maji yako ya kupulizia yana chokaa au magadi na unachanganya asubuhi unaacha pipa mpaka kesho, sehemu ya dawa inavunjika ndani ya pipa, unapuliza, wadudu hawafi wote, unaongeza kipimo, na kesho kutwa unabeba masalia makubwa. Siku hizi napima pH ya maji kwa vile vikaratasi kabla sijachanganya kitu.

Lingine la kuvuna: zile siku za kusubiri zinahesabiwa tunda likiwa mtini. Kuna watu wanachuma mapema wanaweka kwenye chumba cha baridi wakidhani siku zinaendelea kuhesabika, wakati baridi inapunguza kasi ya karibu kila kitu nilichotaja hapo juu, hakuna jua, hakuna mvua, tunda halikui tena. Nilimuuliza mtaalamu mara mbili nikidhani sijasikia vizuri.

Niliongeza kipimo cha ganda peke yake na nyama peke yake, hiki ni cha hiari na nakipendekeza kwa wenye michungwa. Ganda la chungwa lina vifuko vya mafuta na juu yake nta, na dawa zinazopenda mafuta zinajilaza humo, ukimenya umetupa sehemu kubwa. Dawa inayosafiri ndani ya mmea, kama hii dimetoeti au imidaklopridi, inaingia mpaka ndani, na kisu hakiifuati huko. Kwangu ganda lilibeba zaidi kuliko nyama, lakini nyama haikuwa tupu. Wanaosaga ganda au kulichemsha na sukari walijue hili.

Na kuosha je? Swali hili kila mtu ananiuliza. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut huko Marekani kilitoa utafiti mwaka 2000, kusuuza kwa maji ya bomba kulipunguza masalia ya dawa 9 kati ya 12 walizochunguza, na cha ajabu, dawa kuyeyuka kwenye maji hakukuwa ndo kunakoamua kama itatoka au haitoki, inaonekana sehemu kubwa inakaa juu kama vumbi na inaondoka kwa msuguano. Kwa hiyo sugua, usichovye tu. Mwaka 2017 watafiti wa Massachusetts walichukua matufaha wakayapaka dawa mbili, thiabendazoli na fosmeti, wakaloweka kwenye maji yenye bekingi soda, gramu 10 kwa lita, na baada ya dakika 12 hadi 15 masalia ya juu ya ganda yakawa yametoka. Ya juu. Maana asilimia 20 ya thiabendazoli na asilimia 4.4 ya fosmeti ilikuwa imeshapenya ndani ya ganda na huko soda haikufika. Mi naosha, nasugua, ila siku za kusubiri sizipunguzi hata moja kwa ajili ya kuosha.

Sasa udongo. Hapa maabara ilinishangaza zaidi na nikiri nilipeleka udongo kwa kukamilisha tu. Dimetoeti chini ya miti haikufika hata kiwango cha kupimika baada ya wiki kadhaa, nikafurahi. Lakini chini zaidi kwenye karatasi kulikuwa na DDE. Hiyo ni mtoto wa DDT, ile dawa ya wadudu ya zamani, na mi sijawahi kushika DDT maishani mwangu! Mtaalamu akanieleza, DDT kwenye udongo wenye hewa inageuka DDE, udongo uliojaa maji usio na hewa inageuka DDD, na DDE ni sugu kuliko hata DDT yenyewe. Wanaangalia uwiano: DDE ikiwa nyingi na DDT kidogo sana ujue ni ya zamani, imekuwa ikigeuka taratibu miaka na miaka, na ya kwangu ilikuwa hivyo. DDT nusu-maisha yake kwenye udongo inatajwa kuanzia miaka 2 hadi 15. Mwenye shamba wa kwanza alipuliza, pengine kwa nia njema kabisa kama kila mtu wa wakati ule, mkataba wa Stockholm uliokuja kuibana ulisainiwa 2001, na shamba langu bado linakumbuka. Nilikaa na ile karatasi chini ya mti muda mrefu.

Kwanini dimetoeti iliondoka na DDE ikabaki, udongo ni uleule? Kwa sababu mlaji ndo anayeamua. Kwenye udongo kazi kubwa ya kuvunja dawa inafanywa na bakteria na kuvu, ukichukua udongo ukaua vijidudu vyote kwa joto dawa nyingi zinakaa muda mrefu zaidi kabla ya kuvunjika. Dimetoeti inayeyuka kwenye maji, haishikani sana na udongo, kijidudu anaifikia kirahisi (na kwa sababu hiyohiyo mvua kubwa inaweza kuishusha kwenye maji ya chini, hilo nalo tulikumbuke). DDE inang'ang'ania mboji na udongo mfinyanzi, inajificha kwenye vitundu ambavyo bakteria haingii, na klorini zake zinamshinda hata akiifikia. Unyevu ukiwepo kazi inaenda, udongo ukikauka kabisa inasimama. Joto likipanda nyuzi 10 kasi inaongezeka zaidi ya mara mbili kwa dawa nyingi. Samadi na mboji zinaleta walaji, wakati huohuo zinashika dawa isiende mbali. Kuna pia ile sehemu inayofungwa kwenye udongo kiasi kwamba hata asetonitrili ya maabara haiitoi, kwa hiyo mashine haiioni, na ripoti nzuri inapaswa kusema hivyo. Yao haikusema, niliambiwa kwa mdomo tu.

Kitu kimoja kilinifurahisha kukijua. Vijidudu wanazoea. Ukirudia dawa ileile mwaka hadi mwaka, kuna udongo ambao bakteria wake wanajifunza kuila mpaka inaisha kabla haijafanya kazi, dawa ya wadudu ya kabofurani ni mfano unaojulikana sana. Mkulima analalamika dawa ni feki, kumbe udongo wake umeimaliza.

Halafu shaba. Hii ndo ilinigusa mfukoni. Dawa za shaba tunazipuliza kwa ukungu tukizihesabu kuwa ni salama, za asili, zimeanza kutumika kwenye mizabibu ya Ufaransa miaka ya 1880, mchanganyiko wa Bordeaux. Ila shaba ni elementi. Haina nusu-maisha. Hakuna bakteria wa kuila wala jua la kuivunja, kila kilo uliyopuliza ipo pale, juu juu kwenye sentimita za kwanza, chini ya mti. Ndo hapa ile mifuko miwili ilipofanya kazi: shaba chini ya miti ilikuwa mara kadhaa zaidi ya katikati ya mistari, shamba lilelile, hatua chache tu. Ningechanganya mfuko mmoja ningepata namba ya wastani isiyotisha. Michungwa kwenye udongo wenye shaba nyingi na asidi inashindwa kuchukua chuma, majani machanga yanakuwa manjano mishipa ikibaki kijani, na mi miti yangu miwili ya kona ilikuwa hivyo na nilikuwa naimwagia mbolea tu. Nikachimbua udongo chini ya mmoja, nikatafuta minyoo, sikupata hata mmoja, katikati ya mistari nikapata watatu kwenye koleo la kwanza. Kwa shaba tiba ni kupunguza kupuliza na kusawazisha asidi kwa chokaa ili isipatikane kirahisi kwa mizizi, kuiondoa huwezi. Wenye mashamba ya zamani ya matufaha waombe wapimiwe na risasi (ile metali) na aseniki, maana dawa ya wadudu ya aseneti ya risasi ilipulizwa kwa miongo mingi kabla ya DDT kuja na yenyewe vilevile haiendi popote.

Malalamiko madogo yaliyobaki. Ripoti inachelewa, walisema siku kumi ikawa zaidi ya wiki tatu, na kwa mtu anayesubiri kuvuna hilo ni tatizo kubwa. Neno "haikuonekana" wameliandika kila mahali bila kuweka kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kuona, na haikuonekana kwenye mashine inayoanzia 0.05 si sawa na haikuonekana kwenye inayoanzia 0.01, nilibidi niulize. Pia namba hazina mpaka wa mashaka, wakati maabara nyingi za masalia zinatumia asilimia 50 juu na chini kama kawaida, yaani 0.02 iliyoandikwa inaweza kuwa popote kati ya 0.01 na 0.03, mtu asiyejua anaweza kulala kwa amani au kukosa usingizi kwa sababu ya desimali ambayo haina uzito huo.

Pamoja na hayo ningerudi, na nimerudi. Dimetoeti nimeacha. Vidukari sasa naanza kwa kuwaondoa sisimizi shinani na kukata matawi yaliyosongamana, nikilazimika kupuliza napuliza tunda likiwa bado changa. Kipimo cha machungwa naagiza chenye vitu ambavyo dawa inageuka, nimewaandikia majina kwa mkono kwenye fomu pembeni kwa sababu nafasi yake haipo. Udongo wa msimu huu uko kwenye friza, mifuko miwili, "chini ya miti" na "katikati", mwandiko ni wa binti yangu, naupeleka Jumatatu alfajiri na barafu.